Maswali ya Wasomaji: Kujaza Risasi Nyumbani na Hesabu Yake

SWALI
Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima na mtumishi mstaafu, naishi nje kidogo ya mji wa Mafinga. Nina leseni halali ya raifo ya .30-06 na ya bunduki ya marisau ya kaliba 12, na hizo nimezitumia miaka mingi kwa uwindaji wa wenyeji pale msimu unaporuhusu, na kwa kulinda mahindi yasimalizwe na nguruwe pori. Mwanangu wa pili anafanya kazi Texas, na huko amejifunza kwa wenyeji wake kujaza risasi upya nyumbani. Ananiambia kwamba gharama inashuka hadi nusu, na kwamba atakapokuja likizo ataniletea mashine ndogo pamoja na vifaa vyake. Risasi zimekuwa ghali mno kwetu sisi wenye pensheni. Je, ni kweli kuna unafuu huo, na je, mimi ningeweza kuupata? – Msomaji, Mafinga

JIBU
Shikamoo mzee wetu, na ahsante kwa barua yako. Mwanao hakudanganyi, lakini amekupa hesabu ya Texas, nayo haihamishiki hadi Mafinga kwa sababu mbili: ya kwanza ni sheria, na ya pili ni idadi ya risasi unazopiga kwa mwaka.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa kuwa haina utata mkubwa. Silaha na risasi nchini mwetu zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni uliyo nayo inakuruhusu kumiliki silaha zile mbili na kununua risasi zake kwa kibali. Haikupi ruhusa ya kutengeneza risasi, na mtu anayekusanya ganda, fataki (yaani kiwashio kidogo cha risasi), baruti na kichwa akaviunganisha kuwa risasi kamili amekwisha kutengeneza. Marekani mambo ni tofauti: mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu, ila akitaka kuziuza ndipo anatakiwa kuwa nayo. Afrika Kusini pia wanaruhusu, lakini kwa vikomo vilivyoandikwa, kwa mfano kutomiliki zaidi ya fataki 2,400. Kwa hiyo kabla ya mwanao kununua chochote, nenda ukaonane na ofisi ya Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ueleze unachokusudia, na upokee jibu lake. Na mwambie kijana mapema asithubutu kuweka baruti wala fataki kwenye sanduku la ndege, kwa kuwa vitu hivyo viwili haviruhusiwi kabisa katika mizigo ya abiria, hata na mashirika yanayokubali kubeba risasi kamili chache za mwindaji.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana naamini hiyo ndiyo hasa uliyoitaka, na inafaa kujulikana hata na mtu asiyekusudia kujaza risasi maisha yake yote.

Risasi ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba ya manjano, kuna fataki ndogo iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, kuna baruti ndani yake, na kuna kichwa kinachoruka. Bunduki inapolia, fataki na baruti huungua, kichwa huenda zake, na ganda hubaki mkononi mwako likiwa zima. Ganda hilo ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika risasi mpya ya raifo, na unafuu wote anaousema mwanao unatoka hapo: mwenye kujaza mwenyewe halinunui tena. Analisafisha, analipitisha kwenye kalibu ya chuma inayolirudisha kwenye kipimo chake kwa sababu limetanuka lilipopigwa, anasukuma nje fataki iliyokwisha na kupachika mpya, anaweka baruti aliyoipima kwenye mizani, kisha anakandamiza kichwa mdomoni. Ganda zuri la raifo hurudia kazi hiyo mara tano, hata kumi, kabla ya kuanza kupasuka shingoni. Kuna faida nyingine ambayo watu huisahau. Marekani hutoza kodi ya asilimia 11 juu ya risasi kamili, na kwa sheria ya mwaka 1937 fedha hiyo huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Sehemu zinazouzwa mojamoja hazitozwi kodi hiyo.

Tuchukue mfano wa .30-06 kama yako, kwa bei za kawaida za huko katika miaka hii ya karibuni. Kichwa cha kuwindia tukihesabu senti 45 za dola. Baruti huuzwa kwa pauni, nayo ni gramu 453. Tukisema pauni moja ni dola 45 na kila risasi inakula takriban gramu 3, pauni itatoa risasi 150, yaani senti 30 kwa kila moja. Fataki tuiweke senti 8. Jumla ni senti 83. Risasi ya kiwandani ya aina hiyo hiyo tukiiweka dola 1 na senti 80, mwanao anabakiza senti 97 kwa kila risasi, ambazo kwa shilingi 2,500 kwa dola ni zaidi kidogo ya shilingi 2,400. Nusu aliyokwambia imepatikana, tena na zaidi.

Lakini mashine, kalibu, mizani, kipimio na kitabu cha vipimo havitolewi bure. Seti ya kuanzia ya mashine ile ya mkono mmoja, inayofanya hatua moja kila unapovuta mpini, pamoja na vikorokoro ambavyo muuzaji hakutaji siku ya kwanza, tuihesabu dola 400. Gawanya kwa senti 97, utaona kwamba risasi 412 za mwanzo zinalipa mashine tu, na faida haianzi mpaka ifike ile ya 413. Mwanao, kama ni mtu wa kwenda uwanja wa shabaha kila Jumamosi na kupiga risasi hamsini, atafika huko baada ya miezi miwili hivi. Wewe mzee wetu, kama unatumia boksi moja la risasi 20 kwa mwaka, na nadhani wewe ni mwangalifu kuliko hapo, utaanza kupata faida mwaka wa ishirini na moja. Hapo sijahesabu gharama ya kufikisha baruti na fataki, ambavyo hata ndani ya Marekani kwenyewe hutozwa ada ya ziada ya usafirishaji kwa kuwa ni bidhaa za hatari.

Kwa hiyo unafuu wa kujaza risasi unategemea wingi wa risasi zinazopigwa. Asiyepiga nyingi anakuwa amelipia kwa mkupuo mmoja unafuu ambao angeupata mjukuu wake.

Aina ya risasi nayo ina neno lake. Kwa bastola ya milimita 9, risasi za kiwandani huko kwao ni rahisi kiasi kwamba anayejaza hubakiza senti chache tu kwa kila moja. Kwa bunduki ya marisau, unafuu kwa risasi za kawaida za mazoezi umekaribia kutoweka, kwa sababu ganda la plastiki si kitu cha thamani na kinachokula fedha ni marisau yenyewe, ambayo huwezi kuyaokota baada ya kuyapiga. Upande wa pili kuna risasi kubwa za wanyama wakali, kama ile .375 H&H iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ambayo wawindaji waliopita Rungwa na Ruaha wanaijua vizuri: risasi moja ya kiwandani inaweza kufika dola 5 au kupita, na anayejaza mwenyewe akatumia chini ya nusu yake. Ajabu ni kwamba risasi yenye unafuu mkubwa kuliko zote ndiyo ambayo mwenye nayo huipiga mara chache kuliko zote, kwa kuwa bega halivumilii na nyati hapatikani kila siku.

Bei nazo hazitulii. Kabla ya mwaka 2020 fataki moja ilinunuliwa kwa senti tatu au nne. Uhaba ulioanza mwaka ule ulizipandisha hadi mara mbili na zaidi, na kwa miezi mingi madukani hazikuwepo kwa bei yoyote. Walionunua mashine wakati huo walikuwa na mashine nzuri mezani na hawana cha kuweka ndani yake.

Kisha kuna muda. Kwa mashine ya mkono mmoja, mtu makini hutoa risasi hamsini kwa saa, pengine zaidi kidogo ukiacha kazi ya kusafisha maganda. Wenye kuipenda kazi hiyo hawauhesabu muda huo, na huko Marekani wao wenyewe hutaniana kwamba anayejaza risasi hapunguzi matumizi, ila hupiga nyingi zaidi kwa fedha ile ile. Utani huo, nijuavyo mimi, una ukweli mwingi kuliko maelezo ya wauza mashine.

Sitaacha pia kutaja kinachotokea mkono ukikosea. Risasi iliyosahaulika kuwekwa baruti hulia kwa sauti hafifu, na fataki peke yake husukuma kichwa kikakwama katikati ya mtutu. Mpigaji asiyetambua akipiga ya pili, mtutu hupasuka. Iliyowekwa baruti mara mbili haingoji ya pili. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kihalali hawatumii kipimo cha kuambiwa na rafiki, bali kile kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti kwa risasi hiyo na kichwa hicho, na hawafanyi kazi hiyo redio ikiwa inaongea au watoto wakiingia na kutoka. Bei ya bunduki moja iliyopasuka inafuta akiba ya miaka mingi, tukiacha bei ya jicho.

Ushauri wangu, mzee wetu, ni kwamba kijana akuletee darubini nzuri ya kuangalilia shamba, baada ya kuuliza kama inahitaji kibali.

SWALI
Ndugu Mhariri, ninanunua na kuuza vyuma chakavu hapa Mbeya. Mara moja moja mtu huniletea maganda matupu ya risasi yakiwa yamechanganyika na shaba nyingine. Nimesikia kwamba nje ya nchi ganda tupu lina thamani kubwa kuliko uzito wake wa shaba. Je, ni kweli, na mbona hapa yananunuliwa kwa kilo? – Msomaji, Mwanjelwa

JIBU
Ni kweli, ila si kila ganda. Chungulia ndani ya ganda hadi kwenye sakafu yake. Ukiona tundu moja katikati, hilo ni ganda ambalo fataki yake husukumwa nje kwa pini nyembamba bila shida. Ukiona matundu mawili madogo kandokando, hilo ni la mtindo mwingine, na kulitoa fataki ni kazi ya taabu ambayo wajazaji wengi hawaihangaikii. Mtindo wa tundu moja ulibuniwa na Mwingereza, Edward Boxer, na wa matundu mawili na Mmarekani, Hiram Berdan. Lakini Wamarekani ndio walioukumbatia ule wa Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya na Asia yakachukua ule wa Mmarekani. Mengi ya maganda ya kijeshi yanayozagaa Afrika ni ya mtindo huo wa pili, tena mengine ni ya chuma kilichopakwa rangi tu, ambacho sumaku itakuonyesha mara moja. Hayo hayana thamani kwa mjazaji yeyote.

Hapa kwetu simjui mjazaji wa halali wa kukununulia, kwa hiyo kilo ndiyo bei yake. Ila naomba ujali jambo moja kuliko bei. Uliza maganda yametoka wapi, na ukikuta katika gunia risasi ambayo kitako chake hakina alama ya kugongwa, usiitupe kwenye rundo wala usiipeleke kwenye tanuru. Hiyo bado ni nzima. Iache mahali pake, waondoe vijana karibu, na uwaite polisi. Ukiona maganda yanaletwa kwa wingi na mtu yule yule, hilo pia ni la kuwaarifu polisi, kwa faida yako mwenyewe.

SWALI
Ndugu Mhariri, huku kwetu wachimbaji wadogo ni wengi, na baruti ya kupasulia mwamba haikosekani. Jirani yangu ana gobore la babu yake, na anadai kwamba hutumia baruti hiyo hiyo ya mgodini kidogo kidogo, hivyo hagharimiki kitu. Anataka kunijazia na mimi maganda ya bunduki ya marisau. Nimekuwa na mashaka. – Msomaji, Makongolosi, Chunya

JIBU
Mashaka yako yamekuokoa. Usikubali, na usisimame karibu naye anapolipiga gobore hilo.

Baruti ya bunduki na baruti ya mgodini zimegawana jina tu. Ile ya bunduki huungua. Inaungua kwa kasi, lakini moto wake unatembea kutoka chembe hadi chembe, na gesi yake inasukuma kichwa mbele kama pumzi inavyosukuma kishale ndani ya bomba. Ile ya mgodini hailipuki kwa kuungua hivyo. Mshindo wake hupita ndani yake kwa maelfu ya mita kwa sekunde, na kazi yake ni kuvunja kilichoizunguka kabla hakijapata nafasi ya kusogea. Mwamba ukivunjika, kazi imefanyika vizuri. Mtutu wa gobore ni bomba la chuma laini, na shavu la mpigaji liko sentimita chache kutoka mahali panapolipuka. Kupunguza kipimo hakubadilishi tabia ya kitu. Hata baruti ya kisasa ya risasi, ile isiyotoa moshi, haifai kwenye gobore, kwa sababu gobore lilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani yenye mgandamizo mdogo.

Kuhusu sheria, jirani yako anavunja mbili kwa pamoja, ya silaha na ya baruti, na aliyempa baruti hiyo nje ya mgodi amevunja ya kwake. Kama gobore halina leseni, mshauri alipeleke polisi. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na ni vema aulize utaratibu ulivyo sasa kupitia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji.

SWALI
Mpendwa Mhariri, mimi ni mama wa familia na katibu wa kikundi cha wakulima karibu na Tukuyu. Wanakikundi wawili wana bunduki za marisau zenye leseni, na kikundi huchangia risasi za kufukuzia nguruwe pori na nyani. Mvua za huku unazijua. Risasi tulizonunua msimu uliopita zilikaa stoo, sasa nyingine zimeota kijani kwenye kitako, na mbili zimevimba hadi haziingii kwenye mtutu. Mmoja wetu anataka azikaushe juani, mwingine anasema zifunguliwe na yaliyomo yahamishiwe kwenye maganda mazuri. Tutapunguzaje hasara hii? – Msomaji, Rungwe

JIBU
Mama yangu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla hawajaanza. Zisifunguliwe, wala zisianikwe. Kuhamisha baruti na marisau ni kule kule kutengeneza risasi tulikoeleza juu, tena bila mizani wala kujua baruti ile ni ya aina gani. Jua nalo halirudishi kilichoharibika. Linachofanya ni kuipasha moto baruti ambayo tayari imeshika unyevu. Wala msizipake mafuta, kama wengi wafanyavyo kwa nia njema, kwa kuwa mafuta hupenya kandokando ya fataki na kuiua, na risasi isiyolia mbele ya nguruwe aliyejeruhiwa ni balaa.

Risasi ya kiwandani ikitunzwa vema hudumu miongo. Adui zake ni joto na unyevu, na ninyi mnaishi katika moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Stoo ya mahindi, mbolea na viuatilifu si mahali pake, kwa sababu hewa ya mbolea pekee inatosha kuigeuza shaba kuwa kijani. Risasi zikae katika kopo la bati lenye mfuniko wa kubana na mpira, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu na redio, na kopo likae ndani ya kabati lenye kufuli, mbali na bunduki na mbali na jiko. Linalohusu nani anakaa nazo halina mjadala: ni yule ambaye jina lake liko kwenye leseni, si katibu wala mtunza fedha.

Hasara yenu kubwa zaidi, naona, haiko kwenye bei ya risasi bali kwenye kununua nyingi kwa pamoja kwa kuogopa kupanda kwa bei, halafu kupoteza robo yake kwa kutu. Nunueni za msimu mmoja. Waulizeni pia wenye bunduki kama wamewahi kupima mtawanyiko wa marisau yao kwenye boksi la karatasi, mahali panaporuhusiwa, kwa umbali ambao hupigia kweli. Bunduki mbili za kaliba moja zinaweza kutawanya tofauti kabisa, na mtu anayejua kwamba yake haifai kupita mita thelathini haachi risasi tatu ziende bure kila usiku. Marisau madogo ya kanga hayamfai nguruwe pori, humjeruhi na kumfanya arudi akiwa mkali. Na nyani, kwa uzoefu wa walimaji wengi, huzoea mlio baada ya siku chache. Walinzi wa zamu na mbwa hugharimu kidogo kuliko boksi la risasi. Mkiona uharibifu umezidi, afisa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kuandikiwa, na barua iwe na tarehe na ukubwa wa eneo lililoliwa, kwa kuwa bila hayo hana cha kupeleka mbele.

Kwa zilizoharibika, tengeni zilizovimba na zenye kijani katika mfuko wao, msizichanganye na nzima, na mwenye leseni azipeleke kituo cha polisi pamoja na leseni yake ili zipokelewe na zipunguzwe kwenye idadi yake. Atakaponunua mpya, aandike mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, na boksi la zamani liishe kwanza.